Divai ya Chianti na Chakula Chake

Wengi wetu neno divai tulilijua kwanza kanisani. Mtoto wa kutumikia Misa alimpa padre kichupa kidogo, padre akamimina katika kalisi, basi. Mtoto hakuuliza kinywaji kile kimetoka wapi, wala nani aliyelima shamba lake. Lakini katika nchi za mizabibu divai si kitu cha altare peke yake. Ni kinywaji cha nyumbani, ni kazi ya mikono, ni biashara, ni kesi ya mipaka, tena kwanza kabisa ni mwenzake chakula. Leo twataka kusimulia habari za divai moja nyekundu ya Italia, iitwayo Chianti. Jina hilo husomwa "Kianti". Italia ina divai mamia, na ziko zenye sifa kubwa kuliko hiyo. Barolo ya kaskazini, kwa mfano, hunywewa kwa heshima zaidi. Tumeichagua Chianti kwa sababu historia yake yaonyesha jinsi jina jema linavyoweza kunyoshwa mpaka likapoteza maana, na jinsi divai inavyoharibika watu wakisahau meza iliyoizaa.

Tazameni kwanza nchi yenyewe. Katika jimbo la Toscana, kati ya mji wa Firenze na mji wa Siena, viko vilima vingi vyenye misitu ya mialoni, na kati ya misitu hiyo mashamba ya mizabibu na ya mizeituni. Udongo ni wa mawe: mengine humeguka kama vigae vyembamba, mengine ni ya chokaa, magumu. Mwenye kutafuta shamba la ngano hawezi kufurahi hapo. Mzabibu hufurahi. Mizizi yake hushuka kati ya mawe kutafuta maji, na kwa kuwa haupati chakula kingi, huzaa vichala vichache vyenye nguvu. Usiku wa kilimani ni wa baridi, na baridi hiyo huhifadhi uchachu katika zabibu. Uchachu huo tutauona tena tukifika mezani.

Waetruski walilima mizabibu huko Toscana kabla Roma haijawa dola. Baadaye sana, mnamo mwaka wa 1051, watawa wa Vallombrosa walianza abasia ya Coltibuono karibu na kijiji cha Gaiole. Maana ya jina hilo ni mavuno mema. Walikaa hapo zaidi ya karne saba, mpaka utawala wa Napoleon ulipowaondoa mwaka wa 1810. Wako wanaopenda kusema kwamba watawa ndio walioanzisha divai ya Chianti. Sisi hatusemi hivyo. Wakulima walikuwako kabla yao. Lakini mtawa ana vitu viwili ambavyo mzabibu wavihitaji: ana subira ya kungoja mti, na ana kalamu ya kuandika alilolifanya.

Siku zile Firenze na Siena ilikuwa miji miwili yenye serikali zake, nayo ilichukiana. Vilima vya Chianti vilikuwa mpakani, vikapata taabu ya majeshi mara kwa mara. Kwa hiyo Firenze iliunganisha wilaya tatu, Radda, Gaiole na Castellina, katika umoja wa ulinzi ulioitwa Lega del Chianti, na alama yake ilikuwa jogoo mweusi juu ya rangi ya dhahabu. Watu wa huko husimulia kisa chake hivi. Miji miwili ilichoka na vita, ikapatana kwamba jogoo akiwika alfajiri mpanda farasi mmoja atoke Firenze, mwingine atoke Siena, na pale watakapokutana ndipo mpaka. Watu wa Siena wakachagua jogoo mweupe, wakamlisha akanenepa. Watu wa Firenze wakachagua mweusi, wakamnyima chakula. Asubuhi yule mwenye njaa aliwika kabla hata ya mapambazuko, na mpanda farasi wa Firenze akafika karibu na Siena, mwenzake angali yu mwanzoni mwa safari. Ni hadithi tu. Mipaka ya watu hupatikana kwa damu na kwa karatasi zaidi kuliko kwa majogoo. Hata hivyo jogoo mwenyewe ni wa kweli. Katika karne ya 16 mchoraji Giorgio Vasari alimchora katika dari ya ukumbi mkubwa wa Palazzo Vecchio mjini Firenze, na leo mnunuzi humkuta juu ya chupa ya Chianti Classico, ndiyo Chianti ya vilima vile vya kale. Siena ilishindwa mwaka wa 1555, na tangu hapo mizabibu ya mpakani ilipata amani.

Huenda mtashangaa kusikia kwamba hati ya biashara ya mwaka wa 1398, mojawapo ya zile za zamani kabisa zenye kutaja divai ya Chianti, yaitaja kuwa nyeupe. Wekundu ulishinda baadaye. Chianti nyekundu ikapata sifa, ikapelekwa hata Uingereza. Na penye jina, wezi wa jina hawako mbali. Divai ya mahali pengine iliweza kutiwa katika chupa na kuuzwa kwa jina la vilima ambavyo haikuviona. Ndipo tarehe 24 Septemba 1716 Cosimo wa tatu wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, alipotoa tangazo lenye kutaja mipaka ya nchi nne za divai: Chianti, Pomino, Carmignano na Val d'Arno di Sopra. Divai iliyotoka nje ya mipaka isiuzwe kwa majina hayo. Watu wengi hudhani Wareno ndio waliotangulia katika jambo hili kwa divai yao ya Porto, lakini amri yao ni ya mwaka wa 1756, miaka arobaini baadaye. Basi mwaka ule mtu aliyesimama juu ya kilima cha Radda aliweza kunyosha kidole na kusema: hapa ni Chianti, kule si Chianti. Lishikeni neno hili, maana tutaona jinsi lilivyokuja kufutwa.

Divai hiyo ilinywewa na nani? Mjini, matajiri wenye mashamba waliiuza wenyewe. Katika kuta za majumba yao mle Firenze, mpaka leo mgeni aweza kuona vidirisha vidogo vya mawe, vyenye kupitisha chupa moja tu. Mnunuzi aligonga, akatoa chupa tupu na pesa, mkono wa ndani ukamrudishia chupa imejaa. Tauni ilipoingia Firenze mwaka wa 1630, vidirisha hivyo vilisaidia sana: muuzaji hakugusana na mnunuzi, na pesa zilipokelewa juu ya kipande cha chuma, zikatiwa katika siki. Vidirisha zaidi ya mia vingaliko. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, vichache vilifunguliwa tena kwa kazi ile ile ya kale.

Lakini shambani mambo yalikuwa mengine, na hapa yafaa tukae kidogo. Mashamba mengi ya Chianti yalilimwa kwa desturi iliyoitwa mezzadria, yaani desturi ya nusu. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Jamaa ya mkulima ilitoa mikono. Mavuno yakagawanywa: ngano nusu, mafuta nusu, divai nusu. Kapita wa bwana, aliyeitwa fattore, alikuja kuhesabu. Mtu akisikia "nusu kwa nusu" aweza kusema: basi, hiyo ni haki. Lakini jamaa kubwa ya mkulima, wazee na watoto na wakwe pamoja, ilikula nusu ya shamba moja, na bwana alikula nusu za mashamba mengi. Madeni yaliandikwa katika daftari ya bwana, na wakulima wengi hawakujua kusoma. Katika mapatano mengine kijana hakuweza kuoa bila bwana kukubali, kwani kuoa kulizidisha au kulipunguza mikono ya shamba. Asiyetii aliambiwa ahame mwisho wa mwaka, yeye na jamaa yake yote, na vyombo vyao juu ya mkokoteni.

Na divai? Mkulima alikuwa na nusu yake, ni kweli, lakini nusu hiyo mara nyingi iliuzwa ili kulipa deni. Yeye mwenyewe alikunywa kile walichokiita mezzo vino, maana yake nusu divai. Walitwaa makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa, wakayamiminia maji, wakayaacha yachachuke tena. Kilitoka kinywaji chepesi, chenye rangi kidogo na uchachu mwingi. Basi tukisoma vitabu vya leo vyenye kusifu divai ya wakulima wa Toscana, tujue kwamba mkulima huyo aliionja divai njema siku ya harusi, siku ya Pasaka na siku ya kupura ngano. Siku nyingine alikunywa maji ya makapi, akatoka kwenda kuyalima mawe yaliyozaa divai ya wengine. Desturi hiyo haikuisha zamani sana. Ni sheria ya Italia ya mwaka wa 1964 iliyokataza kufanya mapatano mapya ya namna hiyo, na wazee waliokua chini yake wangali wakisimulia.

Katika shamba la nusu kila kitu kililimwa pamoja. Mizabibu ilipanda juu ya miti midogo, kati ya mistari yake kulikuwa na ngano na maharagi, kandokando mizeituni, zizini nguruwe na kondoo wachache. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali ambalo watu wa mijini huuliza sana: divai hii yafaa chakula gani? Mkulima hakuwa na haja ya kuuliza. Divai na chakula vilitoka shamba moja, vikazoeana kwa karne nyingi, kama mume na mke wanaojua kunyamaziana.

Mtu anayeonja Chianti mara ya kwanza bila chakula hukunja uso. Kuna uchachu wenye kuleta mate, na kuna ukakasi, ule tunaoujua katika ndizi mbichi, wenye kukausha ulimi. Ukakasi huo watoka katika maganda na mbegu za zabibu, na kazi yake ni kushikamana na ule utelezi wa mate. Lakini mtu akitafuna nyama yenye mafuta au jibini, yaani fromaji, ukakasi hushikamana na chakula badala ya ulimi, na kinywa chabaki laini. Uchachu nao hukata mafuta, hata tonge la kumi laonekana kama la kwanza. Kwa hiyo lile lililoonekana kuwa kasoro ya divai, mezani lageuka kuwa kazi yake. Twasema bila kuogopa: Chianti katika glasi bila sahani ni nusu ya kitu.

Tuanze na mkate. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi. Mshairi Dante, mwana wa Firenze aliyehukumiwa uhamisho mwaka wa 1302, alitaja mkate wenye chumvi wa ugenini kati ya machungu ya mtu aliyefukuzwa kwao. Mkate usio na chumvi wataka vitu vya chumvi juu yake: maini ya kuku yaliyopondwa, jibini la maziwa ya kondoo liitwalo pecorino, na soseji. Soseji moja ya huko, finocchiona, hutiwa mbegu za shamari, na shamari ina hila yake. Harufu yake hufunika ladha ya divai mbovu. Watu husema kwamba wauzaji wajanja walimlambisha mnunuzi shamari kwanza, ndipo wakamwonjesha pipa. Neno moja la Kiitalia la kumdanganya mtu, infinocchiare, lina jina la shamari ndani yake.

Mkate uliokauka haukutupwa. Ulitiwa katika supu ya maharagi na kabichi nyeusi, na kesho yake supu ikarudishwa motoni. Ndiyo sababu yaitwa ribollita, "iliyochemshwa tena". Juu yake humiminwa mafuta mabichi ya zeituni. Pellegrino Artusi, aliyetoa kitabu chake mashuhuri cha mapishi mwaka wa 1891 mjini Firenze, hakuona haya kuweka supu ya namna hiyo, ya wakulima, kati ya vyakula vya mabwana. Nasi twaona alifanya vema. Ukitaka kujua kama Chianti fulani ni ya kweli, usiipime kwa nyama ya bei kubwa; ipime kwa sahani ya maharagi yenye mafuta na kitunguu saumu. Ikitulia pale, ni njema.

Watu wa Toscana hutaniwa na Waitalia wengine kwa jina la "walaji wa maharagi". Lakini maharagi hayo, kama vile nyanya, yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus. Mababu zao walikula kunde. Na namna yao ya kuyapika yastahili kusimuliwa, maana yapitia katika chupa ya divai. Chupa ya kale ya Chianti iliitwa fiasco. Ilikuwa na shingo ndefu na tumbo la duara, ya glasi nyembamba, isiyoweza kusimama peke yake. Wanawake wa vijijini waliivika nguo ya nyasi kavu za kinamasi, wakiisuka upesi kwa malipo madogo, na nguo hiyo iliipa kitako na kuilinda isivunjike njiani. Hapo kwanza hawakutia kizibo. Walimimina mafuta kidogo ya zeituni juu ya divai ili kuzuia hewa, na mnywaji aliyaondoa kabla ya kumimina. Katika karne ya 19 ikapatikana glasi ngumu zaidi, yenye kuvumilia kizibo cha nguvu, na tangu hapo Chianti iliweza kuvuka bahari kwa wingi. Lakini fiasco iliyozeeka ilibaki nyumbani. Walivua nguo yake ya nyasi, wakatia ndani maharagi, maji, mafuta, kitunguu saumu na majani ya harufu, wakailaza penye makaa na majivu ya moto uliopungua, wakaenda kulala. Asubuhi maharagi yalikuwa laini bila kupasuka. Chupa iliyobeba divai ikawa chungu cha chakula chake. (Wenye kujua Kifaransa kati yenu wanalifahamu neno fiasco kwa maana nyingine, ya mtu aliyeshindwa vibaya. Limetoka Italia hilo hilo.)

Kuna chakula kingine tunachokipenda kwa ajili ya historia yake, nacho ni peposo ya Impruneta. Impruneta ni mji mdogo karibu na Firenze, wenye udongo mwema wa vigae na matofali. Brunelleschi alipojenga kuba kubwa la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore, tangu 1420 mpaka 1436, matanuru ya Impruneta yalifanya kazi sana. Wachoma matofali hawakuweza kuacha moto kwenda kupika. Basi, hivi ndivyo inavyosimuliwa, walichukua vipande vigumu vya nyama ya ng'ombe, wakatia pilipili manga nyingi, vitunguu saumu na divai nyekundu mpaka nyama ikafunikwa, wakaweka chungu mdomoni mwa tanuru, kikakaa saa nyingi. Nyama ikalainika kwa moto ule ule uliochoma matofali. Nyanya hazikuwako bado Ulaya. Wanaozitia leo wafanya chakula kitamu, lakini si kile cha kale. Nguruwe-mwitu wa misitu ya mialoni hupikwa kwa njia iliyo karibu na hiyo. Samaki mwenye nyama nyepesi hapatani na Chianti. Ukakasi humfanya awe na ladha ya chuma. Na sisi tuliozoea pilipili kali yafaa tuwe na hadhari, kwani pilipili na ukakasi vikikutana kinywa huwaka mara mbili.

Sasa turudi kwa wakubwa. Bettino Ricasoli alizaliwa mwaka wa 1809. Jamaa yake walikuwa na ngome ya Brolio, karibu na Gaiole, tangu mwaka wa 1141, lakini yeye alirithi na madeni pia. Alikuwa mtu mkali, tena mgumu, wakamwita Baroni wa Chuma. Mwaka wa 1861, Cavour alipokufa, Ricasoli akawa waziri mkuu wa Italia mpya, na akarudi katika kazi hiyo mwaka wa 1866. Lakini kwa miaka mingi akili yake ilikuwa katika mapipa. Alijaribu zabibu za namna nyingi, na mwaka wa 1872 akaandika barua kwa profesa Cesare Studiati wa Pisa akieleza alilolipata. Zabibu nyeusi iitwayo Sangiovese, alisema, ndiyo yenye kutoa harufu na nguvu. Canaiolo, nyeusi pia, hupunguza ukali wake. Malvasia, ambayo ni nyeupe, huifanya divai iwe nyepesi, ifae kunywewa changa, kila siku, mezani. Lakini divai ya kuwekwa miaka mingi, afadhali isitiwe Malvasia. Yaani aliona divai mbili, ya leo na ya baadaye, na kila moja na kanuni yake. Watu waliomfuata walisoma nusu ya barua.

Sifa ikaenea. Mdudu wa mizizi aitwaye filoksera alikuwa amekwisha kuharibu mizabibu ya Ufaransa, na wanunuzi wakageukia Italia. Chianti ikahitajiwa kila mahali, hata vilima vya kale havikutosha. Mabonde ya jirani yalianza kutumia jina lake. Tarehe 14 Mei 1924 wenye mashamba 33 walikutana Radda, wakaanza ushirika wa kulinda divai ya vilima vyao, na alama yao ikawa yule jogoo mweusi. Lakini mwaka wa 1932 serikali ilikata shauri kinyume cha matumaini yao: jina la Chianti liliruhusiwa kwa sehemu saba, mpaka upande wa Pisa, wa Arezzo na wa Rufina. Vilima vya kale viliongezewa neno Classico, basi. Mipaka ya Cosimo ya mwaka wa 1716 ikawa kumbukumbu tu. Jirani waligawiwa jina. Wenyewe wakapewa sifa ya kulitofautisha.

Kisha likaja pigo la pili. Baada ya vita ya 1940-1945 vijana walichoka na desturi ya nusu, wakaenda viwandani. Nani atawalaumu? Nyumba za mawe zilibaki tupu, na nyasi zikaota mlangoni. Wenye ardhi walipanda upya katika miaka ya 1960 na 1970, safari hii kwa trakta, mizabibu peke yake, na mara nyingi walichagua miche yenye kuzaa sana kuliko yenye kuzaa vizuri. Na sheria yenyewe ilisaidia kuharibu. Kanuni ya mwaka wa 1967 iliagiza kwamba kila Chianti iwe na zabibu nyeupe, si chini ya sehemu kumi katika mia, na iliruhusu mpaka thelathini. Lile ambalo Ricasoli aliliweka kwa divai changa ya kila siku, sheria ililifanya lazima hata kwa divai ya kuwekwa. Divai ikawa ya rangi hafifu na chachu tupu. Katika mikahawa ya Ulaya na Marekani watu walinunua fiasco kwa ajili ya nguo yake ya nyasi, wakaimaliza, wakachomeka mshumaa shingoni. Chupa iliheshimiwa kuliko kilichokuwamo.

Waliokataa walilazimika kuliacha jina. Jamaa ya Antinori, inayohesabu kazi yake ya divai tangu mwaka wa 1385, ilitengeneza kwa mavuno ya 1971 divai iliyoitwa Tignanello, na kufika mavuno ya 1975 haikuwa na zabibu nyeupe hata moja. Kwa kanuni za wakati ule divai kama hiyo haikuweza kuitwa Chianti. Iliandikwa vino da tavola, divai ya mezani, daraja ya chini kabisa, huku bei yake ikipita zile zenye daraja ya juu. Wengine wakafuata njia hiyo. Sisi twawasifu kwa ushujaa wao, lakini si kwa kila kitu. Baadhi yao walitia zabibu za Kifaransa nyingi mno, wakaiweka divai katika mapipa madogo mapya, hata ikanuka mti kuliko kilima. Divai ya namna hiyo yapendeza katika mashindano. Mbele ya sahani ya maharagi yaonekana kama mgeni aliyevaa suti shambani.

Serikali ikasikia, polepole. Mwaka wa 1984 Chianti ilipandishwa daraja ya juu na zabibu nyeupe zikapunguzwa sana. Mwaka wa 1996 Chianti Classico ilipewa kanuni yake peke yake, na tangu hapo mtu aweza kuitengeneza kwa Sangiovese tupu akitaka. Leo Sangiovese lazima ifike sehemu themanini katika mia, na divai iitwayo Riserva yapaswa kungoja miezi 24. Mwisho, kuanzia mavuno ya mwaka wa 2006, zabibu nyeupe zilikatazwa kabisa katika Chianti Classico.

Mwaka huo huo meza ya Firenze ilirudishiwa kitu chake. Toscana ina ng'ombe wakubwa weupe waitwao Chianina, ambao zamani walivuta plau katika mashamba ya nusu. Kwa nyama ya namna hiyo hufanywa bistecca alla fiorentina: pande nene la nyama pamoja na mfupa wake, mara nyingi zaidi ya kilo moja, lililochomwa upesi juu ya makaa, nje limeiva sana, ndani lingali jekundu. Mwaka wa 2001, kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wenye wazimu, Ulaya ilikataza kuuza nyama hiyo na mfupa wake wa mgongo, na kwa karibu miaka mitano wachoma nyama wa Firenze walipika vipande visivyo na mfupa, bila furaha. Mwanzo wa 2006 katazo liliondolewa. Mfupa ukarudi juu ya makaa, na kando yake chupa ya jogoo mweusi, na sahani ya maharagi.